Kobe Yuko Juu ya Jiwe

Kanga iliyolowa mvua ikakaukia mwilini ina harufu yake. Si mbaya, si nzuri. Ni moshi wa kuni, ni jasho, na kitu kingine kama udongo uliokaa muda mrefu ndani ya chungu. Juzi jioni nilikuwa naanua nguo za watoto hapa kwenye makao ninapofanya kazi ya ulezi. Mawingu yalikuwa yameshuka mlimani mpaka karibu na mabati yetu, na mvua ikanikuta katikati ya kamba na mlango. Nilijitanda kanga kichwani nikakimbia. Baadaye nikiwa nimekaa kwenye benchi la jikoni nangoja chai ichemke, kanga ile ikaanza kunikaukia mabegani, harufu ikanipanda puani, nikawa na miaka saba tena. Nawasimulia ninyi kwa sababu wenzangu wa zamu walikuwa wamechoka kama mimi, na mchovu hana masikio ya kumwazima mchovu mwenzake.

Ilikuwa harufu ya Mama Tatu.

Mama Tatu hakunizaa. Binti yake Tatu alikuwa ameshaolewa, yuko Kilosa na watoto wake, na mumewe alikuwa amefariki zamani. Aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili upande wa juu wa Kilakala, njia inapokuwa ya miguu tu, akiuza ndizi na mdalasini sokoni. Dada wa ustawi wa jamii ndiye aliyenipeleka kwake, nikiwa na mfuko wa plastiki, gauni moja na ndala mbili zisizofanana. "Utakaa hapa na huyu mama," aliniambia. "Ni mama mzuri." Nilikuwa nimeshaambiwa hivyo kabla. Nilimtazama huyo mama mzuri miguuni, maana usoni sikuwa na desturi ya kutazama watu, nikaona visigino vilivyopasuka na madoa meusi ya utomvu wa ndizi yaliyopanda mpaka kwenye vifundo.

Niseme mapema nilikotoka, msije mkaniona mtoto mkorofi tu. Mama yangu mzazi aliniacha stendi, kwenye benchi la muuza chai. Aliagiza chai, kisha akasema, "Nimechoka." Hakuniambia mimi, ni kama aliiambia ile chai iliyokuwa mbele yake. Akasimama, akajifunga kanga yake vizuri, akasema, "Kaa hapa, nakuja sasa hivi." Muuza chai alinipa maandazi mpaka alipofunga biashara. Baada ya hapo nilikaa kwa mama mdogo, naye akasema amechoka na maisha ya Morogoro, anakwenda Dar mara moja, anakuja sasa hivi. Majirani wakanilisha kwa zamu hadi zamu zikawaishia.

Nchi hii watu wote wanakuja sasa hivi. Fundi anakuja sasa hivi, mwenye duka anakuja sasa hivi, na hakuna anayekusudia ubaya. Lakini mimi nilikuwa nimeyapima maneno hayo kwa tumbo langu. Wiki ya kwanza kwa Mama Tatu, alichukua ndoo akaelekea bombani, akasema kwa mazoea tu, "Nakuja sasa hivi, eeh?" Nilimkimbilia bila viatu, nikashika pindo la kanga yake, na aliponiuliza kulikoni nikamtapikia uji wote miguuni. Wanawake bombani waliguna. Mama Tatu aliniosha, akajiosha, akakinga maji yake, tukarudi nyumbani tumeshika ndoo pamoja huku na huku. Tangu siku ile sikumsikia akiyatamka maneno hayo tena.

Jirani yetu Mama Salma aliona nimedekezwa. Alikuwa mwanamke mnene, mwema, mwenye maoni juu ya kila kitu. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba sikumwamkia mtu. Shikamoo nilikuwa nimeifungia. Nilikuwa nimeshawaamkia wengi, wakaniitikia marahaba kwa furaha, kisha wakaenda zao, nikaona ni neno linalomfanya mtu ajione amekupata. Hivyo nilikuwa nikiamka asubuhi, nasimama mlangoni, nanyamaza. "Asiyefunzwa na mamaye," Mama Salma alianza siku moja mbele yangu, na Mama Tatu akamkata kauli kabla hajafika kwenye ulimwengu. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema. "Muache. Kamba itakatika yenyewe."

Kamba yangu ilikuwa ndefu. Nilikuwa nakula nusu ya chakula changu, nusu nyingine naificha kwenye foronya ya mto. Ukoko wa ugali, kipande cha ndizi ya kuchoma, hata maharage, nayo maharage si kitu cha kufichwa kwenye foronya. Siku moja sisimizi walipanga mstari kutoka dirishani mpaka kitandani kwangu, na nilipotoka shule nikamkuta Mama Tatu ameushika ule mto. Nikajua sasa ndiyo basi, ule mfuko wangu wa plastiki uko wapi. Yeye akakung'uta foronya nje, akaifua, akaianika. Kisha akakaa kwenye mkeka barazani, akaanza kumenya maharage mabichi, akasema kama anayejisemea, "Hapo zamani Fisi alikuwa na tabia ya kuzika nyama."

Sasa hapo pana jambo la kueleza. Kwa Waluguru, na nadhani kwa watu wengi, hadithi hazisimuliwi mchana. Mtoto akisimuliwa hadithi jua likiwaka ataota pembe, na msimuliaji naye hatabaki salama. Hadithi ni za jioni, kazi zikiisha. Lakini jioni Mama Tatu hakuwa na kitu. Alikuwa akiamka alfajiri, anabeba mzigo kwenda sokoni, anasimama siku nzima, anarudi, anapika, na giza likiingia anasinzia na mwiko mkononi. Mimi nami giza likiingia nilikuwa sisikilizi hadithi, nilikuwa nasikiliza mlango. Kwa hiyo palikuwa na saa moja tu ya kufaa, alasiri, akiwa ameshatoka sokoni na moto haujawashwa. Nikiwa bado natazama maharage, Mama Salma akapaza sauti kutoka uani kwake, "Weee Mama Tatu! Hadithi na jua hili! Utamuotesha mtoto wa watu pembe!"

Mama Tatu akavua kanga yake ya mabegani, kanga kuukuu iliyofubaa mpaka jina lake halisomeki, akaitandaza juu ya vichwa vyetu viwili na sinia la maharage. "Usiku umeingia," alisema ndani ya kanga. "Tena hauna mlango."

Ndivyo tulivyokuwa tukifanya kila alasiri. Usiku wetu ulikuwa mwekundu kidogo, maana jua lilipenya kwenye uzi, na ulinukia moshi, mdalasini na mvua ya siku za nyuma. Ndani ya usiku huo sikuogopa. Mara nyingi sauti yake ilianza kuzama katikati ya sentensi, Fisi anakimbia, anakimbia, ana... na kichwa chake kinaniangukia begani, kizito kama mkungu. Nilikuwa nangoja. Akizinduka aliuliza, "Tumefika wapi?" nami nikamwambia. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza marefu katika nyumba ile, kumkumbusha mahali Fisi alipo.

Msinicheke, lakini mimi nilikuwa upande wa Fisi. Watoto wote wanampenda Sungura, mjanja, mwepesi, anayewaacha wenzake kwenye mataa. Mimi nilikuwa nimeshakutana na Sungura wengi. Ukizisikiliza vizuri, hadithi zetu za wanyama si za kumfundisha mtoto kuamini watu, maana kila mmoja anamlaghai mwenzake, na mwisho tunaambiwa tucheke. Fisi peke yake ndiye anayeamini kila anachoambiwa, kila siku, na kila siku anapigwa. Siku Fisi alipodanganywa kwamba mwezi ndani ya dimbwi ni kipande cha mafuta, nililia. Mama Tatu hakunibembeleza wala hakugeuza hadithi. Alisema tu, "Basi leo tumbakizie kitu," akachukua kopo la maziwa lenye kifuniko, akatia kipande cha muhogo, akaliweka kichwani pa kitanda changu. Kopo la Fisi. Kila jioni lilikuwa na kitu ndani, na asubuhi niliruhusiwa kula alichoacha Fisi, naye kwa bahati aliacha chote. Foronya haikuota sisimizi tena.

Alhamisi ndiyo iliyokuwa siku ngumu. Alhamisi Mama Tatu alipanda lori la ndizi alfajiri kwenda Matombo kuchukua mzigo, na kurudi magharibi. Nikitoka shule nilishinda kwa Mama Salma. Alhamisi za kwanza nilikaa kwenye kizingiti chetu kilichofungwa, sili wala siongei. Ndipo Mama Tatu akaanza mtindo wake. Jumatano alasiri alianza hadithi, akaifikisha mahali pabaya, akafunua kanga jua likatupiga machoni. "Itaishia nikirudi," alisema. Hakuniahidi kitu kingine. Na kweli Alhamisi magharibi alirudi, akaoga, na alasiri ya Ijumaa tukaingia chini ya kanga, akanipa mwisho.

Mimi nilielewa hivi: ile nusu ya hadithi ni rehani. Mtu hawezi kuondoka moja kwa moja akamwacha Fisi ananing'inia kwenye tawi. Atarudi, si kwa ajili yangu, mimi nani, bali kwa ajili ya Fisi. Nilikuwa namwonea Fisi huruma na kumshukuru kwa wakati mmoja. Polepole Alhamisi zikaanza kupungua uzito, nikawa nakula kwa Mama Salma, hata nikacheza rede na watoto wake.

Masika ya mwaka ule ilikuwa na hasira. Mlima ulivaa mawingu asubuhi na haukuyavua. Jumatano moja, mabati yakipigwa mvua mpaka tukalazimika kukaribiana midomo na masikio, Mama Tatu alinisimulia kwamba Fisi na Kobe walialikwa harusini ng'ambo ya mto. Kobe hawezi maji ya kasi, basi Fisi akambeba mgongoni. Walipofika katikati Fisi akasema, "Nimechoka, Kobe. Kaa hapa juu ya jiwe, nikatazame mbele." Akavuka peke yake. Na kule ng'ambo, upepo ukaleta harufu ya pilau.

Nilipolisikia lile nimechoka, nikashika pindo la kanga. Mama Tatu alikuwa amefumba macho, hakuona. "Mto ukaanza kujaa," alisema. "Kobe yuko juu ya jiwe, maji yamefika kwenye kucha." Akapiga miayo mirefu, akajinyoosha mgongo, akasema, "Ah, mwanangu, leo nimechoka." Kisha akaifunua kanga. Alfajiri nilisikia lori likipiga honi barabara ya chini, na mlango ukafungwa taratibu.

Mvua haikukatika siku ile. Mchana ilinyesha, alasiri ikanyesha, na kutoka uani kwa Mama Salma tuliona maji ya rangi ya chai ya maziwa yakishuka kwenye makorongo. Magharibi ikafika, adhana ikasikika kwa mbali kama imefunikwa blanketi, lori halikupiga honi. Watu waliopita njiani walisema barabara ya Matombo imekatika, daraja limefunikwa, magari yamelala huko huko. Nilisimama mlangoni kwa Mama Salma. Alinivuta ndani, akanivika sweta la mwanawe, akaniwekea wali. Sikula. Akajaribu kunichekesha, akashindwa. Na hapo yule mama mwema, kwa wema wake wote, akafanya kosa ambalo hata leo siwezi kumlaumu. Aliniuliza, "Alikuachia hadithi gani?"

Nikamwambia. Akafurahi, maana saa yenyewe ilikuwa ya halali, jioni na moto unawaka, hakuna wa kuota pembe. Akakusanya watoto wake na mimi, akaimaliza. Alisema Fisi alinusa pilau akasahau alikotoka, Fisi ni Fisi, atakumbuka nini mbele ya nyama? Kobe akaita mpaka sauti ikakauka. Mungu bariki, mto ulipungua alfajiri, akatambaa mpaka nchi kavu. Akaapa kuwa hatamtegemea mtu tena maisha yake yote. "Ndiyo maana," alimalizia, akinyanyua kidole, "mpaka leo Kobe anatembea na nyumba yake mgongoni." Watoto wake wakapiga makofi. Alipendezwa na kazi yake, akaenda kukoroga maharage.

Jamani, hadithi ilikuwa imekwisha. Mnaelewa? Rehani ilikuwa imekombolewa na mtu mwingine. Hakukuwa tena na kitu chochote duniani cha kumrudisha Mama Tatu Kilakala. Alikuwa amesema amechoka, kama mama alivyosema, kama mama mdogo alivyosema, nami kwa ujinga wangu nilikuwa nimeanza kula vyakula vyote na kucheza rede. Sikulia. Nililala nikitazama ukuta, nikimwona Fisi ameshika sahani ya pilau, na kwa mara ya kwanza nilimchukia.

Kulipokucha mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Watu wa nyumba wakiwa bado wamelala nilitoka, nikapita nyuma ya nyumba yetu, dirisha la jikoni lilikuwa halifungi vizuri. Nikaingia nikachukua gauni zangu, zilikuwa tatu sasa, na daftari la shule, na kopo la Fisi. Nikavifunga kwenye ile kanga kuukuu iliyokuwa imetundikwa kwenye msumari, nikauvaa mzigo mgongoni na kufunga pembe mbili kifuani. Sikuwa na pa kwenda. Lakini safari hii nilitaka niwe mimi ninayeondoka. Nikakaa kwenye kizingiti kungoja manyunyu yakatike, maana sikutaka kuilowesha kanga ya watu.

Ndivyo alivyonikuta. Nilisikia kwanza, pwacha, pwacha, mtu anapanda kwenye tope. Alikuwa ameshika viatu mkononi. Matope yalimfika magotini, kanga aliyovaa ilikuwa imelowa na kukauka na kulowa tena, na hakuwa na ndizi hata moja. Nyuma yake hapakuwa na mkokoteni wala kijana wa kubeba mzigo. Mama Tatu alisimama mbele yangu akihema. Alinitazama usoni, akautazama ule mzigo mgongoni mwangu, akauelewa. Nililiona hilo.

"Fisi hakurudi," nilimwambia.

"Nani kasema?"

"Mama Salma."

"Mama Salma alikuwepo mtoni?"

Nikafikiri. "Hakuwepo."

Akaketi kwenye kizingiti kando yangu, akakunja miguu ile ya matope kwa mikono, mguu mmoja kisha mwingine, kama anapanga kuni. Nilimuuliza, sasa mwisho wake ni upi? Alikwangua tope kifundoni kwa ukucha. Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu asiye na nguvu hata ya kudanganya, "Mwisho sina, mwanangu. Sikuupata. Nimerudi tu."

Sikujua mtu anawezaje kuukosa mwisho wa hadithi yake mwenyewe. Lakini alikuwa pale, ananuka mvua, na bega lake lilikuwa limenigusa. Nikaona aibu, nikatazama chini kwenye vile visigino.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia. "Marahaba." Akafungua mlango, akajilaza kwenye mkeka kama alivyo, na kabla sijafungua mzigo wangu alikuwa ameshalala, mdomo wazi, tope linamkaukia. Nilitoa vitu vyangu kwenye kanga nikavirudisha mahali pake. Kisha nikamfunika ile kanga, kichwa na mabega, ili kwake uwe usiku, nikakaa mlangoni kumfukuzia kuku wa Mama Salma.

Wiki ile hakwenda sokoni. Hakuwa na cha kuuza. Tulikula mchicha na muhogo, na kopo la Fisi likawa na vipande vidogo zaidi, lakini halikukosa kitu. Mimi sikuuliza ndizi zilikwenda wapi. Mtoto haulizi hayo.

Yaliyobaki niliyajua nikiwa sekondari, siku tuliyokwenda Matombo kwenye msiba wa shangazi yake, Bibi Mwanamvua. Huyo bibi nilikuwa nimemwona mara chache tu, mzee mdogo wa umbo aliyekaa juu kabisa, mwendo wa kupanda kutoka barabarani, katikati ya migomba na miti ya mdalasini. Wanawake wa kule walikuwa wakimenya ndizi za msibani, wakimkumbuka marehemu kwa vicheko kama inavyokuwa, na mmoja wao akamwonyesha Mama Tatu kwa kisu. "Huyu naye! Kila Alhamisi alikuwa anamsumbua marehemu. Wenzake wanapakia ndizi, yeye anapanda kilima kwa bibi na nusu ya hadithi. 'Shangazi, mwisho wake nini? Mtoto ananingoja.' Bibi anamwambia kaa ule kwanza, hataki, anataka mwisho wake ashuke nao!"

Wote wakacheka, Mama Tatu akacheka pia, akiinamia ndizi zake. Ndipo nilipojua kwamba hakuwa msimuliaji. Alikuwa amefiwa na mama yake mzazi akiwa bado mtoto, akakua kwa kazi za mashambani, na hadithi alizozijua zilikuwa vipande vipande alivyookota barazani kwa watu, vingi havina mikia. Hakuwa akikatiza hadithi Jumatano ili kuniwekea rehani. Alikuwa akifika mwisho wa alichokijua, anafunga, na kesho yake anapanda mlima kutafuta kilichobaki.

Nikamuuliza tukiwa njiani kurudi, siku ile ya mvua ilikuwaje. Alinieleza kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Ndizi zilikuwa zimeshapakiwa. Alikuwa anaanza kupanda kwa shangazi yake watu walipokuja kusema mto unajaa, asiyetoka sasa atalala Matombo. Kule juu palikuwa na nyumba kavu, uji wa moto na mwisho wa Kobe. Yeye akageuka, akarudi kwenye lori. Likakwama kabla ya daraja. Wengine wakakaa kulinda mizigo yao. Mama Tatu akaiacha mikungu yake kwenye tope, akavuka kwa miguu akiwa ameshikana mikono na watu asiowajua, akatembea mpaka gari la masista lilipompakia alfajiri. "Ningekaa," aliniambia, "nani angekuambia kwamba narudi?"

Nilikuwa mkubwa nilipoyasikia hayo, na bado sikuyamaliza kuyaelewa. Nimeyamaliza hapa, kwenye kazi hii. Utotoni niliamini mtu akisema amechoka, anaaga. Sikujua mtu anaweza kuchoka mpaka miguu yake ihitaji kukunjwa kwa mikono, na bado akawa anakuja kwako. Mimi leo nachoka hivyo. Nachoka na nepi, na kelele, na wageni wanaokuja kupiga picha na watoto kisha wakaahidi kurudi. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na mwana wa mwenzio ana kazi ya ziada, maana kwanza inabidi akupe ruhusa. Zipo siku nikimaliza zamu nasema sirudi, naapa kabisa, nikipanda kile kilima cha kwetu.

Hapa tuna mtoto mpya, wa miaka sita. Haamkii mtu. Ana mfuko wake ambao haujafunguliwa bado. Juzi hiyo ya mvua, kanga ilipokauka na chai imeshanyweka, nilimkuta kwenye korido amekaa karibu na mlango wa kutokea, nikamfunika pamoja nami, nikaanza kumsimulia habari ya Fisi na Kobe. Nilipofika kwenye jiwe, mwenzangu wa zamu ya usiku akaja kunipokea. Sikusema nakuja sasa hivi. Nilisema tu, "Kobe yuko juu ya jiwe," nikaenda nyumbani.

Nyumbani nilimpigia simu Mama Tatu, sasa yuko Kilosa kwa binti yake, magoti yamegoma. Shikamoo, marahaba, hujambo mwanangu. Nikamuuliza kama aliwahi kuupata mwisho wa Kobe. "Bibi alinipa," alisema, "lakini nimeusahau. Umelala wewe? Sauti yako imechoka." Nikamwambia nimechoka kweli. "Haya, lala," akasema.

Asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha, mwili wangu wote unakataa. Nilikwenda. Yule mtoto alikuwa kwenye kizingiti, mfuko uko mapajani. Alinitazama miguuni, viatu vyangu vimejaa tope, akauliza Kobe amefikia wapi.

Ningeweza kutunga kitu. Nilikuwa nimechoka mno.

"Mwisho sina," nikamwambia. "Nimerudi tu."

Hakuniamkia. Aliutoa ule mfuko mapajani akauweka chini, akasogea kidogo pembeni, nami nikakaa.